Radhi ya Mtu Aliyesota: Kuisoma Upya Barua kwa Wafilipi

Hata kama hujakanyaga kanisani tangu utoke kwa wazazi, Wafilipi 4:13 unaijua. Umeiona kwenye kioo cha nyuma cha matatu, kwenye stetasi ya binamu yako, kwenye picha za mahafali, kwenye tisheti za kambi ya vijana. Ndio ule mstari wa kuyaweza mambo yote. Stephen Curry ameuweka kwenye viatu vyake vya mpira wa kikapu. Tim Tebow alijipaka namba yake chini ya macho msimu wa 2008, alipokuwa akichezea Chuo Kikuu cha Florida. Kwa wengi wetu ni mstari wa ushindi. Mtihani nitapita, visa itatoka, kazi itakuja, in Jesus' name.

Rudi nyuma mistari miwili tu. Kuna 4:11, ambayo haijawahi kuchapishwa kwenye tisheti yoyote niliyoiona. Hapo Paulo anasema amejifunza kuwa radhi na hali aliyo nayo. Huu nao una wateja wake, ila ni wateja wa aina nyingine. Nilipotoka chuoni mwaka wa pili kwa sababu karo haikupatikana, nililetewa mstari huu na watu watatu ndani ya wiki moja: shangazi, mzee wa kanisa, na jamaa tuliyesoma naye ambaye karo yake ilikuwa imelipwa hadi mwaka wa nne. Wote walikuwa na nia njema. Lakini ona jinsi kazi ilivyogawanywa. Wanaopanda juu wanapewa 4:13, wanaobaki chini wanapewa 4:11. Mwandishi ni yule yule, aya ni ile ile.

Swali langu ni la msomaji wa fasihi kabla ya kuwa la muumini. Je, barua yenyewe inasema hivyo? Mimi si mhubiri, na theolojia sikusomea. Ninachojua ni kusoma kitu kutoka mwanzo hadi mwisho na kuuliza nani anamwandikia nani, akiwa wapi, na kwa nini wakati huo. Barua kwa Wafilipi ina sura nne tu. Unaweza kuimaliza kwenye foleni ya Thika Road. Tatizo ni kwamba karibu hakuna anayeimaliza. Tunakula vipande, kama mtu anayechomoa nyama kwenye pilau ya wageni.

Risiti

Paulo anaandika akiwa amefungwa. Wataalamu wanabishana alifungwa wapi: jibu la zamani ni Roma, kati ya mwaka 60 na 62 hivi, na wengine wanasema Efeso au Kaisaria. Lisilobishaniwa ni kwamba yuko kwenye minyororo na kesi yake inaweza kuishia kwenye kifo. Katika sura ya kwanza anapima waziwazi kati ya kuishi na kufa, na hatujui kama anatufariji sisi au anajifariji mwenyewe.

Kitu cha kuelewa kuhusu jela za Warumi ni kwamba serikali haikujisumbua sana na chakula chako. Mfungwa aliishi kwa watu wake wa nje. Kama huna mtu, una njaa. Yeyote aliyewahi kupeleka sabuni na mkate kwa ndugu aliye rumande anaelewa hili bila kufundishwa. Kanisa la Filipi, mji wa Makedonia, lilisikia habari zake, likachanga, likamtuma Epafrodito apeleke mchango. Huyo Epafrodito akaugua, nusura afe. Alipopona Paulo akamrudisha nyumbani, na inaonekana ndiye aliyebeba barua hii.

Kwa hiyo, ukiondoa rangi zote za dhahabu, hii ni barua ya kusema pesa imefika. Na Paulo hajaficha. Katika 4:15 anazungumza juu ya kutoa na kupokea kwa maneno ya watu wa hesabu. Katika 4:18 anatumia kitenzi cha Kigiriki, *apecho*, ambacho kinapatikana kwenye risiti nyingi za zamani zilizochimbuliwa huko Misri. Kilimaanisha nimepokea, hunidai wala sikudai. Ni lugha ya ile meseji ya M-Pesa inayoanza na Imethibitishwa.

Sasa rudi kwenye 4:11 ukiwa na hilo kichwani. Mtu anayesema amejifunza kuwa radhi ni mtu aliyetumiwa pesa majuzi, na anayeandika kuwashukuru waliomtumia. Halafu 4:14, mara tu baada ya ule mstari wa tisheti, anawaambia walifanya vizuri kushiriki dhiki yake. Kumbe radhi yake haikufuta dhiki, na dhiki anaiita kwa jina lake. Hakuwaambia wakae na pesa zao kwa sababu yeye ana Yesu.

Hapa ndipo ninapoona ufundi wa barua hii, na ndipo wahubiri wengi wanapopita mbio. Kumshukuru mtu aliyekutumia pesa ni kazi ngumu. Ukishukuru sana unaonekana unatega nyingine. Ukishukuru kidogo huna adabu. Soma 4:10 hadi 4:18 uone jamaa anavyoyumba. Nimefurahi mmenikumbuka. Ila sio kwamba nilikuwa na shida. Lakini mlifanya vyema. Ila sio kwamba naitafuta zawadi. Lakini nimepata yote, na zaidi. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, anajirekebisha. Ni kama kusikia rafiki yako mwenye kiburi chake kizuri akijaribu kusema asante kwa simu, na sauti inamkwama. Mtakatifu wa kwenye vioo vya kanisa hasikiki hapa. Anayesikika ni mtu mzima anayemeza mate.

Mstari wa radhi uko katikati ya kuyumba huko. Ukiutoa na kuuweka kwenye fremu ukutani, unaonekana umesemwa na mtu ambaye hakuwahi kuhitaji mtu. Ukiurudisha mahali pake, unasemwa na mtu aliyehitaji watu sana na asiyetaka uhitaji huo umgeuze ombaomba wala mtumwa wa anayempa.

Neno lenyewe

Neno alilotumia Paulo kwa Kigiriki, *autarkes*, lilikuwa neno la wanafalsafa wa Kistoa. Lilimaanisha mtu anayejitosha, asiyetegemea kitu cha nje. Seneca, aliyeishi zama zile zile na kufa mwaka 65, aliandika mengi kuhusu mwenye hekima asiyetikiswa na umaskini, na alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma. Simdharau Seneca, anasomeka. Lakini kuna tofauti kati ya kusifia kujitosha ukiwa na mashamba, na kulitumia neno hilo hilo ukiwa na mnyororo mkononi huku chakula chako kimetoka kwenye mchango wa watu. Paulo amelichukua neno la watu wanaojitosha akalivalisha mtu asiyejitosha.

Kisha likaja Kiswahili. Biblia ya Union, ile ambayo nyanya zetu wameizungushia gazeti ili jalada lisichanike, ilitoka nzima mwaka 1952, na watafsiri wake walichagua kusema *kuwa radhi*. Biblia Habari Njema iliyokuja baadaye inatumia *kuridhika*. Utaniambia ni mzizi mmoja, na ni kweli. Lakini maneno haya mawili yameishi maisha tofauti mitaani.

Kuridhika unaweza ukiwa peke yako. Unakula chapati tatu na maharagwe kwa kibanda, unafuta mdomo, umeridhika. Radhi inataka mtu wa pili. Kuna radhi za wazazi, ambazo ukizikosa watu wanakutazama kwa huruma. Kuna kuomba radhi na niwie radhi. Kuna lile swali la mbele ya padri au sheikh: je, uko radhi? Katika matumizi yote hayo radhi ni kitu kinachotolewa na mmoja kwa mwingine. Na kama kinatolewa, basi kinaweza pia kunyimwa.

Kwa sababu hiyo naipenda tafsiri ya zamani zaidi. Sijui kama watafsiri walikusudia, ila walimweka mtu wa pili chumbani mahali ambapo neno la Kigiriki lilikuwa na mtu mmoja. Na mtu wa pili ndiye hasa barua inamhusu. Ule mstari wa kuyaweza mambo yote una nusu ya pili, inayosema nguvu zinatoka kwa mwingine. Tisheti nyingi huikata. Ukiikata, umemrudisha Paulo kwa Seneca.

Na hayo mambo yote ni yapi? Jibu liko mstari mmoja nyuma, 4:12: kushiba na kuona njaa, kuwa navyo na kupungukiwa. Anaweza kulala njaa na akabaki mtu. Anaweza kushiba na akabaki mtu. Hakuna mtihani hapo, wala visa.

Nikae kidogo kwenye kushiba, kwa sababu sijawahi kusikia mahubiri juu yake. Paulo anasema hata kuwa na vingi ni jambo alilofundishwa. Kitenzi anachokitumia hapo kwa Kigiriki kilitumika kwa watu walioingizwa kwenye siri za dini za kale, kama vile sisi tungesema mtu amepita jando. Sasa, nani hapa kwetu ameingizwa jandoni ajifunze kushiba? Mahubiri ya kuridhika huelekezwa kwa mama mboga, kwa mtu wa boda, kwa sisi wa kuandika makala kwa kulipwa baada ya siku tisini. Kwa yule anayeshuka kwenye V8 na walinzi, mstari ule unawekwa kabatini na kiti cha mbele kinafutwa vumbi. Ndiyo maana wengi wetu tulishtuka, kwa njia nzuri, Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi aliposema kanisa litairudisha michango ya Rais iliyotolewa kwenye parokia moja ya Soweto. Mtu aliyesoma barua kwa Wafilipi hadi mwisho hangeshtuka sana. Kuna michango ambayo Paulo anaipokea kwa machozi, na kuna namna ya kupokea ambayo inakufunga kuliko minyororo.

Asubuhi ya Filipi

Lakini bado kuna mashtaka mazito zaidi, na siwezi kuyaruka. Tuseme yote hayo ni kweli. Je, mafundisho ya radhi hayamfanyi maskini anyamaze?

Wa kwanza kunisomea mashtaka hayo vizuri alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. *Caitaani Mũtharaba-Inĩ* aliiandika Kamiti mwaka 1978 kwenye karatasi ya choo, na ndani yake Wariinga anaota ndoto ambayo Shetani anasulubiwa, kisha watu wa suti na tai wanakuja kumteremsha msalabani. Ni picha ya kanisa ambalo limebadilisha wa kumwokoa. Ukisoma riwaya ile halafu uende ibadani Jumapili, utakaa vibaya kwenye benchi. Na Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, kuna waliotuambia kutoka mimbarani tutulie, tuombe, tuwe radhi.

Basi twende Filipi kwenyewe. Matendo sura ya 16 inasimulia Paulo alivyofika mji huo mara ya kwanza, karibu mwaka 50. Alimponya msichana mtumwa ambaye mabwana zake walikuwa wanatengeneza pesa kwa uaguzi wake. Mabwana walipoona biashara imekufa, walimburuta Paulo na mwenzake Sila mbele ya mahakimu. Wakapigwa viboko hadharani bila kesi, wakatupwa ndani. Usiku wa manane wakaimba. Sehemu hii kila mtoto wa Sunday school anaijua: nyimbo, tetemeko, milango wazi, askari jela anayebatizwa.

Sehemu inayosahaulika ni asubuhi yake. Mahakimu wanatuma watu waseme: waachilieni hao, waende zao. Nafasi nzuri sana ya kuwa radhi. Paulo anakataa kutoka. Anasema wametupiga mbele ya watu bila kutuhukumu, na sisi ni raia wa Roma. Sasa wanataka kututoa kimyakimya? Waje wenyewe watutoe. Na mahakimu, wakiwa na hofu, wakaja na kuwabembeleza.

Mtu yule yule aliyeimba usiku na mgongo wenye damu ndiye aliyeweka mgomo wa kukaa asubuhi. Na barua ya radhi, miaka kadhaa baadaye, inatumwa kwa watu wa mji huo. Ilisomwa kwa sauti mbele ya watu waliokumbuka asubuhi ile, pengine askari jela mwenyewe akiwepo. Haiwezekani kwamba waliposikia neno la radhi walisikia nyamazeni. Walimjua mwandishi. Mtu ambaye hawezi kukataa, kukubali kwake hakuna maana. Na hawa walikuwa wamemwona akikataa.

Ndiyo maana kwenye rafu yangu naiweka barua hii karibu na *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, ingawa mmoja ni mtume wa Kikristo na mwingine ni Mwislamu wa Mombasa. Abdilatif alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu *Kenya: Twendapi?*, akatoka 1972, na mashairi aliyoyaandika ndani kwa siri yakachapishwa mwaka uliofuata. Kuna shairi linaitwa "Siwati". Msemaji wake hana kitu mkononi cha kujilinda, na bado ana utulivu wa ajabu, utulivu wa mtu ambaye ameshaamua na hahitaji tena kubembeleza. Nikilisoma nasikia jirani wa Paulo. Anayeweza kuvumilia hali yake bila kuipigia magoti ni mtu wa hatari kwa aliyemfunga.

Simpi Paulo alama zote. Barua yake ina mapengo. Wanawake wawili wa kanisa lile, Euodia na Sintike, wamegombana, na anawasihi wapatane bila kutuambia walichogombania. Mara nyingi amani ya namna hiyo humfaa mmoja tu. Juu ya mfumo uliomfunga hasemi mengi, kwa sababu anamtarajia Kristo arudi karibuni na macho yake yako huko. Asiye na tumaini hilo hawezi kukopa radhi yake kama anavyokopa kwa Fuliza. Swali la Ngũgĩ linabaki mezani: nani anafaidika maskini anapotulia? Nadhani kila mahubiri ya radhi yanapaswa kulijibu kabla ya sadaka kupitishwa.

Radhi inafanya nini

Nikiulizwa leo radhi hii inamsaidiaje mtu wa miaka ishirini na kitu anayeishi kwa vibarua vya kuandika, nitataja jambo moja dogo. Mwaka jana kuna mtu alinitaka kwenye kikundi cha kusukuma hashtag za kumsifu mheshimiwa fulani. Elfu mbili kwa siku, siku tano, pesa mkononi. Kodi ya nyumba ilikuwa imepitisha tarehe na landilodi alishaanza kupiga simu bila salamu. Nilikataa. Radhi haikulipa kodi hiyo; niliilipa wiki mbili baadaye kwa pesa ya makala pamoja na elfu tatu alizonitumia rafiki yangu wa kiume tuliyekuwa naye kwaya, bila kuombwa, na meseji moja tu: usirudishe.

Nililala njaa siku mbili tatu katikati, na sitalipamba hilo. Njaa ni njaa. Lakini nilijua kitu ambacho sikukijua nilipotoka chuoni. Mtu asiyeweza kabisa kukaa bila kitu atauzwa na yeyote aliye nacho. Anayeweza kukaa bila kitu kwa muda, kwa sababu kuna Mwingine anayemshika na kuna watu wanaomkumbuka, huyo bei yake inapanda hadi wanunuzi wanachoka. Nilipomjibu rafiki yangu niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Asante sana. Si kwamba nilikuwa vibaya hivyo. Lakini umefanya vizuri. Ikabidi nicheke, kwa sababu nilikuwa naiandika Wafilipi sura ya nne.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: ukiambiwa uwe radhi, muulize anayekuambia kama amekuja na Epafrodito. Waliompenda Paulo hawakumtumia mstari. Walimtumia chakula, na mtu wa kukaa naye, na mtu huyo karibu afe. Mstari aliuandika yeye mwenyewe, baada ya kula.

Na ukiisoma barua, usiishie 4:13. Endelea mpaka salamu za mwisho, ambazo watu huziruka kama majina ya waigizaji filamu ikiisha. Katika 4:22 mfungwa anawasalimu Wafilipi kwa niaba ya ndugu wote alio nao, hasa wale wa nyumba ya Kaisari: watumwa na watumishi wa mfalme yule ambaye kwa mamlaka yake Paulo yuko kwenye minyororo. Wamekwisha kuwa watu wake. Anataja hilo kwa mstari mmoja, bila makeke, kisha anafunga barua.